Motokaa Mbili Zenye Jina Moja

Muhula huu chama chetu cha midahalo kilijadili hoja isemayo kwamba motokaa za zamani zilikuwa bora kuliko za siku hizi. Ukumbi ulijaa, hata madirishani walisimama watu. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi, na neno lililopigiwa makofi kuliko yote lilikuwa la yule kijana aliyesema kwamba motokaa za sasa zimenenepa kwa starehe tu, na kwamba kila kilo iliyoongezeka ni anasa. Mimi nilikuwa mmoja wa waamuzi, na mwamuzi haruhusiwi kutia neno. Lakini Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi, nami nataka kuitumia kueleza jambo ambalo upande wa pili haukuligusa hata kidogo, nalo ni hili: uzito huo umetoka wapi, unamwokoa nani, na unamtisha nani.

Sitazungumza juu ya motokaa zote za dunia, maana hayo hayana mwisho. Nitachukua mbili tu, za kiwanda kimoja na zenye jina moja, zilizoachana kwa miaka 44. Ya kwanza ni Volkswagen Golf GTI iliyoanza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1976. Ya pili ni Golf GTI ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2020. Nilipokuwa Ujerumani kwa masomo mafupi nilibahatika kuchukuliwa ndani ya zote mbili, kwa kuwa mzee niliyekaa kwake alikuwa na ile ya zamani, naye binti yake alikuwa na ile mpya. Kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine ni hesabu ambazo mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Tatu aweza kuzihakikisha kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tuelewane juu ya aina ya motokaa tunayoizungumza. Wengi wenu mmeziona motokaa ndogo ambazo hazina buti lililochomoza nyuma. Badala yake zina mlango mmoja mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Hizo ndizo hachibaki. Ni motokaa za watu wa kawaida: za kwenda kazini, kuchukua watoto shule, na kupakia magunia mawili ya viazi ukikunja viti vya nyuma. Sasa chukua motokaa kama hiyo, uitie injini yenye nguvu kuliko inavyotazamiwa, uzikaze springi zake, uipe breki zinazofaa mwendo huo, lakini usiiondolee kazi yake ya kila siku. Hapo umepata hachibaki kali. Mwenyewe hahitaji kuwa na motokaa mbili, moja ya kazi na moja ya furaha.

Volkswagen haikuwa ya kwanza kufikiri hivyo. Kule Ufaransa kampuni ya Simca ilikuwa imekwisha kutoa motokaa yake ya 1100 TI kwa mpango huohuo. Tena Volkswagen yenyewe, katika miaka hiyo, haikuwa na sifa ya motokaa za mbio. Ilijulikana kwa ile ya mviringo yenye injini nyuma ipozwayo kwa hewa, ambayo wazee wetu wa Afrika ya Mashariki waliijua vizuri, kwa maana ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, katika matope na mawe yaliyozitoa motokaa nyingi zenye nguvu zaidi. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ile ya mviringo ilikuwa imezeeka. Ndipo mwaka 1974 kampuni ikatoa Golf, ambayo umbo lake lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa: injini mbele, maji ya kuipoza, na magurudumu ya mbele ndiyo yenye kuvuta.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, bei ikapanda, na katika Ujerumani ya Magharibi serikali ikapiga marufuku motokaa kutembea kwa Jumapili nne za mwisho wa mwaka huo. Watu walitembea kwa miguu katikati ya barabara kuu zilizojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Katika hali kama hiyo, nani angethubutu kuomba fedha za kutengeneza motokaa ya mbio? Mhandisi Alfons Löwenberg alikuwa amekwisha kuthubutu, hata kabla ya shida hiyo. Mwaka 1973 aliwaandikia wenzake akipendekeza motokaa ya kimichezo, na wachache wao wakaifanyia kazi wazo hilo pembeni, bila kelele, mpaka wakubwa walipokubali. Motokaa ilionyeshwa katika maonyesho ya Frankfurt Septemba 1975. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 tu, idadi iliyotakiwa ili motokaa ikubaliwe katika mashindano ya aina zake. Watu walizigombania. Mpaka kizazi hicho cha kwanza kilipokoma, zilikuwa zimetoka zaidi ya 460,000.

Ilikuwaje? Injini yake ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimeta 1,588, nayo ilitoa nguvu za farasi 110 ikizunguka mara 6,100 kwa dakika. Motokaa nzima ilikuwa na uzito wa kama kilo 810. Iliweza kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa katika muda wa kama sekunde 9, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilometa 182 kwa saa. Vijana wa leo watacheka, lakini katika mwaka ule motokaa nyingi kubwa za matajiri zilionyeshwa mgongo na kisanduku hiki.

Siri moja ya injini hiyo yafaa kuelezwa, kwa sababu ni ufundi mzuri sana usiotumia kompyuta hata chembe. Motokaa nyingi za wakati huo zilichanganya petroli na hewa kwa kabureta, ambamo hewa ipitapo katika koo jembamba huifyonza petroli kama vile mtu afyonzavyo soda kwa mrija. Kabureta hufanya kazi, lakini haipimi sawasawa. Golf GTI ilitumia mtambo wa kampuni ya Bosch. Hewa inayoingia injini huinua sahani moja ya chuma. Hewa ikiwa nyingi sahani huinuka sana, ikiwa chache huinuka kidogo. Sahani imeunganishwa na mkono, na mkono husukuma kijiti ndani ya tundu lenye nyufa nyembamba ambamo petroli hupita. Kijiti kikipanda, nyufa hufunguka zaidi, petroli huongezeka. Kwa hiyo hewa yenyewe ndiyo inayopima petroli yake. Petroli hurushwa bila kukatika kwa vipua vinne, kimoja kwa kila silinda. Fundi hodari aliweza kuifungua mezani na kuionyesha kwa mwanafunzi, sahani hii, kijiti hiki, akaelewa kwa nusu saa.

Ndani yake kulikuwa na viti vya kitambaa cha mirabaraba kama vitambaa vya Kiskoti, na kichwa cha mkono wa gia kilikuwa cha mviringo chenye vishimo, mfano wa mpira wa gofu. Vyote viwili vilitoka kwa mwanamke, Gunhild Liljequist, ambaye kabla ya kuajiriwa na Volkswagen alikuwa akichora vyombo vya kauri na maboksi ya chokoleti. Mstari mwekundu unaozunguka wavu wa mbele watajwa pia kuwa wake. Nawaambia hili wasichana wetu wanaodhani kwamba viwanda vya motokaa vina nafasi ya wavulana peke yao.

Ukiketi ndani ya motokaa hiyo, jambo la kwanza utakalolishangaa ni mwanga. Nguzo za paa ni nyembamba kama fimbo, vioo ni vikubwa, nawe waona pande zote kama uliyeketi barazani. Jambo la pili ni sauti. Injini yanguruma, matairi yaimba, kijiwe kikiruka chini utakisikia kikigonga chuma. Mlango ukiufunga walia kama debe. Mzee wangu alipokata kona, motokaa iliinama kidogo na gurudumu moja la nyuma, lile la ndani, likataka kunyanyuka juu ya lami kama mbwa. Jambo hilo ni la kawaida kwa motokaa za aina hii, wala haliko la kuogopesha. Alicheka kama kijana. Tulikuwa tukienda mwendo ambao hapa kwetu basi hutupita, lakini ulionekana mwendo mkali, maana hakuna kilichotutenga na barabara.

Sasa tuje kwa mdogo wake, au tuseme mjukuu, kwa kuwa katikati yao vizazi sita vimepita. Golf GTI ya 2020 ina injini ya lita 2 yenye turbo, nayo hutoa nguvu za farasi 245. Yafika kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 6 na kidogo, na mwendo wake wa mwisho umefungwa kwa makusudi kwenye kilometa 250 kwa saa. Turbo si uchawi. Moshi wa injini, kabla haujatoka nje, hupitishwa katika kigurudumu chenye mapanga na kukizungusha kwa kasi kubwa sana. Kigurudumu hicho kimefungwa kwa ekseli moja na cha pili, ambacho huibana hewa safi na kuisukumia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huweza kuwa nyingi, na nguvu huongezeka. Nguvu ya moshi ambayo zamani ilipotea bure imerudishwa kazini.

Lakini faida kubwa zaidi ya turbo haiko katika ile namba ya farasi. Iko katika nguvu ya kusokota, ile inayosukuma mgongo wako kwenye kiti. Injini ya 1976 ilitoa Nyutoni-meta 140, tena sharti izunguke mara 5,000 kwa dakika ndipo izitoe. Ile ya 2020 hutoa 370, nazo zapatikana tangu mizunguko 1,600 tu. Maana yake ni kwamba yule mzee ilimbidi aiamshe injini yake, aihimize, achague gia kwa akili, asubiri. Bali binti yake hukanyaga mafuta tu, na motokaa huondoka. Huyu amepewa tayari kile ambacho yule alikifanyia kazi. Mengi ya mapenzi ya watu kwa ile ya zamani yametoka hapo.

Basi tufanye hesabu. Farasi 245 ni zaidi ya mara mbili ya farasi 110. Je, motokaa mpya ni nyepesi kwenda mara mbili zaidi? Uzito wake ni kama kilo 1,400. Gawanya uzito kwa farasi: katika ile ya zamani kila farasi alivuta kilo 7.4, katika mpya kila farasi avuta kilo 5.7. Kumbe nguvu imezidi kwa zaidi ya asilimia 120, lakini mzigo wa kila farasi umepungua kwa asilimia 23 tu. Farasi wengi walioongezwa wameajiriwa kuwabeba wenzao na nyumba kubwa waliyojengewa. Hapa wale walioshinda mjadala wana haki, nami nakubali waziwazi.

Ila sasa tuifungue nyumba hiyo tuone kilichomo. Motokaa mpya ina urefu wa meta 4.29, ya zamani meta 3.71. Matairi ya zamani yalivishwa rimu za inchi 13; mapya huanzia inchi 17. Milango ni minene kama kitabu cha kamusi, nguzo za paa zimekuwa nene mpaka zaficha mtu avukaye barabara kwenye kona, na hilo ni kasoro ya kweli. Kuna mifuko ya hewa mbele na pembeni. Kuna fito za chuma ndani ya milango, na chuma chenyewe sehemu nyingine ni kile kinachopashwa moto mpaka kiwe chekundu kisha kubanwa na kupozwa mara moja, kikawa kigumu ajabu. Mbele kabisa, kinyume chake, kuna chuma kilichokusudiwa kukunjamana.

Kwa nini mtu atengeneze motokaa ikunjamane? Tufanye hesabu nyingine. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa yaenda meta 13.9 kila sekunde. Ikigonga ukuta, sharti isimame. Kama pua yake ikikunjamana polepole kwa nusu meta, na wewe umefunga mkanda, mwili wako wapunguzwa mwendo kwa kiasi cha mara 20 ya mvuto wa dunia. Ikiwa una kilo 60, mkanda wakubana kama mzigo wa kilo 1,200. Utaumia kifua, pengine mbavu zitavunjika, lakini waweza kuishi. Kama umbali huo wa kusimamia ukiwa robo meta tu, mzigo wawa kilo 2,400. Na kama hukufunga mkanda, wewe waendelea mbele kwa mwendo uleule wa kwanza mpaka ukutane na usukani au kioo, na umbali wako wa kusimamia wawa ni unene wa paji lako la uso. Kwa hiyo pua ndefu na laini si anasa. Ni muda wa kusimama. Na kile kijumba kigumu cha katikati kipo ili pua ikiisha kukunjamana, injini isije ikaingia mapajani mwako.

Katika mwaka 1976 mambo haya yalikuwa yakianza tu kufahamika kwa watu wengi. Mkanda wa ncha tatu ulikuwepo tangu Nils Bohlin wa Volvo alipoutengeneza mwaka 1959, lakini Ujerumani ya Magharibi iliwalazimisha watu wa viti vya mbele kuufunga kuanzia Januari 1976, na asiyefunga hakutozwa faini mpaka 1984. Mwaka 1970 watu 21,332 walikufa barabarani katika Ujerumani zote mbili. Mwaka 2019, katika Ujerumani iliyoungana na yenye motokaa nyingi zaidi, walikufa 3,046. Sisemi kwamba kazi hiyo yote ilifanywa na motokaa. Sheria, barabara, hospitali na vita dhidi ya ulevi vilishiriki. Lakini fungu la motokaa ni kubwa, na fungu hilo lina uzito wake kwenye mizani. Golf ya kizazi cha 8 ilipopimwa na shirika la Euro NCAP kwa kugongeshwa, mwaka 2019, ilipata nyota tano, ambayo ndiyo daraja la juu.

Hapa sitaki msomaji apige makofi upesi, maana uzito una uso wa pili. Tuseme motokaa zetu mbili zakutana uso kwa uso, kila moja ikienda kilometa 50 kwa saa, zikashikamana. Ile ya kilo 1,400 itaisukuma ile ya kilo 810 kurudi nyuma, na zote mbili kwa pamoja zitaendelea upande wa ile nzito kwa mwendo wa kama kilometa 13 kwa saa. Binti, ndani ya ile nzito, mwendo wake umebadilika kwa kilometa 37. Baba yake, ndani ya ile nyepesi, umebadilika kwa kilometa 63. Kilo zilezile zilizomkinga mmoja ndizo zilizomwangamiza mwingine. Tena zikienda kilometa 100 kwa saa, motokaa ya zamani ina kilojuli kama 312 za nishati ya mwendo. Mpya ina 540. Kwa mtoto aendaye shule kando ya barabara, au mtu wa baiskeli, hakuna mfuko wa hewa. Wengi wenu ndio hao. Ndiyo maana nchi za Ulaya hupima pia jinsi boneti linavyompokea mtu wa miguu, na ndiyo maana motokaa mpya ina chombo cha kutazama mbele na kufunga breki chenyewe dereva akichelewa.

Na breki zenyewe, pamoja na uzito ule wote, zimeipita ya zamani mbali. Kompyuta hupima mwendo wa kila gurudumu, na gurudumu likitaka kukwama kwenye lami hulilegezea kidogo na kulibana tena mara nyingi kwa sekunde, ili dereva aendelee kuongoza. Kompyuta hiyohiyo ikiona motokaa inateleza pembeni hubana gurudumu moja tu na kuinyosha. Chombo hiki cha pili kililazimishwa kwa kila motokaa mpya katika Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014. Mbele kuna difu yenye klachi iongozwayo kwa umeme. Kwenye kona, gurudumu la ndani likianza kuzunguka bure, nguvu huhamishiwa la nje. Mzee aliongoza kwa matako na vidole, akiisikiliza motokaa. Binti aongoza pamoja na msaidizi asiyeonekana. Nikiwa peke yangu kwenye barabara tupu ya milimani asubuhi ya Jumapili, ningeomba funguo za mzee. Nikiwa na mtoto kiti cha nyuma na mvua yanyesha, ningeomba za binti, wala nisingefikiri mara mbili.

Kuna jambo la moshi, ambalo mdahalo wetu ulilipita kabisa. Petroli ya miaka ile ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo ilitoka na moshi ikaingia katika mapafu na damu, ikidhuru hasa akili za watoto wadogo. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilimaliza kuiondoa mwanzoni mwa 2006. Mwezi wa Agosti 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho duniani, Aljeria, nayo imeacha kuiuza kwa motokaa. Motokaa ya 2020 haiwezi kutumia petroli ya namna hiyo, kwa kuwa risasi huua chombo kilichomo katika ekzosi chenye kazi ya kusafisha moshi. Ile ya 1976 haikuwa na chombo hicho Ulaya, na ukisimama nyuma yake ikiwaka macho yatakuambia.

Baada ya kuitetea hivyo motokaa mpya, sina budi kusema pia palipo na anasa tupu. Sauti nzuri ya injini isikikayo ndani huongezewa kwa chombo cha umeme, kwa sababu nyumba imezibwa sana hata sauti ya kweli haipiti. Vitufe vingi vimeondolewa, mahali pake pakawekwa vioo vya kugusa, hata kwenye usukani. Magazeti ya motokaa ya Ulaya yalilalamika kwa miaka kwamba dereva hulazimika kuondoa macho barabarani, na kwamba kiganja kikigusa usukani kwenye kona huamrisha jambo lisilotakiwa. Kampuni ilisikia, na motokaa iliyorekebishwa ya 2024 ikarudishiwa vitufe vya kubonyeza katika usukani. Tena uzito si ajali ya mbinguni isiyozuilika: kizazi cha 7 kilipotoka, kiwanda kilipunguza mpaka kilo 100 katika Golf kwa kubadili chuma na mpango wa ujenzi, ingawa motokaa ilikuwa kubwa zaidi.

Marekebisho hayo ya 2024 yalikuja na habari nyingine iliyowahuzunisha wazee. Nguvu zilipandishwa mpaka farasi 265, lakini gia za mkono zikaondolewa. Iliyobaki ni giaboksi yenye klachi mbili, moja ikishika gia za witiri na nyingine za shufwa. Gia ya tatu ikifanya kazi, ya nne imekwisha kushikwa na yangoja zamu yake, kwa hiyo kubadilisha hutokea upesi kuliko mkono wa mtu yeyote. Klachi ya mguu haipo. Viti bado vina mirabaraba na mstari mwekundu bado uko mbele, ila mahali pa mkono wa gia sasa pana kijiti kifupi cha kubonyeza kwa kidole kimoja. Atakaye ule mpira wa gofu wa Gunhild Liljequist katika kizazi cha 8 hana budi kutafuta motokaa iliyotengenezwa kabla ya marekebisho hayo, tena ahakikishe ina pedeli tatu.